Shemeji Alitaka Mume Wangu Asipone

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, na ninauza mitumba ya watoto hapa Kalangalala, Geita mjini. Sijawahi kuandika chochote kikasomwa na watu. Mwandishi wa nyumba hii alikuwa mume wangu. Leo naandika mimi kwa sababu yeye hayupo, na nikiendelea kunyamaza nitapasuka!

Mume wangu anaitwa Shija. Alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari, na jioni alikuwa anaandika hadithi za mambo ambayo bado hayajatokea... watu wa miaka mia tatu mbele, mashine zinazoongea kwa sauti za marehemu, mji mkubwa uliojengwa chini ya ardhi. Alizaliwa Mwadui, baba yake akifanya kazi mgodini, na nadhani akili yake haikuwahi kutoka kwenye lile shimo. Aliandika kwenye simu, akatuma kwenye kundi la wasomaji wake, nao walimlipa kidogo kidogo. Mimi nilikuwa namtania, "Baba Kulwa, hao watu wako wa mbele wanakula nini? Maana hapa kwetu dagaa tu wamepanda bei." Basi anacheka mpaka miwani inamdondoka. Alikuwa mtu wa kucheka, hilo nataka mlijue kabla sijaendelea.

Mabaya yalianza mchana kweupe, sokoni, mbele ya mafungu ya nyanya. Shija alisimama ghafla akawa anatazama chini, katikati ya miguu ya watu. Akaniuliza kama nauona mwanga. Mwanga gani? Mimi niliona matope na maganda ya ndizi! Akasema unatoka ardhini, mweupe, unapita kama maji. Alisimama pale mpaka mama wa nyanya akamwambia baba sogea, unanizibia wateja.

Tulipofika nyumbani akachukua kauntabuku jipya, yale madaftari makubwa yenye jalada gumu, akaanza kuandika. Hii haikuwa hadithi ya kutuma kundini. Ilikuwa ya kwake mwenyewe. Hakuificha, aliiweka juu ya kabati tu, na siku moja akiwa shuleni nikaishusha nikasoma. Nayakumbuka maneno yale mpaka kesho:

"Leo amenisemesha tena. Jina lake ni Msimamizi. Yuko mbele sana, na sauti yake inapitia kwenye mawe kwa sababu mawe hayasahau. Nilidhani mimi ndiye ninayeandika. Kumbe mimi ndiye ninayeandikwa. Mama Kulwa naye ameandikwa. Kuhusu watoto bado hajaamua."

Bado hajaamua! Wewe mama mwenzangu, ungelala usingizi hapo?

Kila mtu akaja na lake. Wenzangu wa kanisani walisema ni pepo, wakataka kuja kukemea. Mama mkwe akasema ni masamva, mizimu ya ukoo, wanamtaka awe mganga kama babu yake, kwa hiyo avishwe shanga na apigiwe ngoma yaishe. Mimi nilimpandisha basi nikampeleka hospitali, huko kwetu upande wa Shinyanga. Daktari alimsikiliza kwa utulivu sana. Akatuambia ni ugonjwa wa akili, una jina lake na dawa yake, ila dawa asiache hata akijisikia mzima. Shija alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Na alipona, wasomaji wangu! Sisemi alipata nafuu tu, alipona. Alirudi darasani. Alirudi kwenye hadithi zake. Lile daftari la juu ya kabati nililishusha tena, nikakuta ameandika: "Leo nimekula ugali na sato. Nimelala vizuri." Nililia kwa furaha peke yangu chumbani, kwa ajili ya ugali na sato!

Sasa niwaambie habari za Masanja.

Masanja ni kaka yake Shija, tumbo moja. Baba yao alipofariki ndiye aliyemlea, akachunga ng'ombe za watu ili mdogo wake asome. Kwa hiyo Shija hakuwa na hapana mbele ya Masanja. Akiambiwa kaa, anakaa. Hata mimi nilimheshimu, na watoto wangu walimkimbilia getini wakimwita baba mkubwa.

Masanja alikuwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, machimboni nje kidogo ya mji. Wakati huo duara lake lilikuwa limegoma, halitoi dhahabu. Wanaapolo wake, vijana wa kuchimba, walishaanza kuhamia kwa wengine. Na huku kwetu, kama hujui, mtu ambaye duara lake limegoma anatafuta ndoto. Atachinja mbuzi, ataenda kwa mganga, ataulizia kila mahali nani ameota nini. Aliyeota, dhahabu ikapatikana, anapewa mgao wake, na hakuna anayecheka. Hata wale wenye mashine za kupimia wanasubiri ndoto kimya kimya.

Basi siku hiyo Masanja akaja nyumbani, akanikuta naanua nguo. Akaniuliza lile daftari la ugonjwa liko wapi, eti anataka kujua mdogo wake alipitia nini. Nikampa. Alikaa kwenye kigoda akasoma kutwa nzima, na kila ukurasa akapiga picha kwa simu. Niliona ni upendo!

Ndani yake kulikuwa na mahali Shija aliandika habari za mto mweupe unaopita chini ya mgunga uliopasuliwa na radi, ukikunja kuelekea mawio. Mgunga huo upo, uko kwenye kiwanja cha Masanja! Shija alishawahi kula chakula cha mchana chini yake. Ingekuwa ajabu gani mtu kuandika mti anaoujua? Lakini Masanja akahamisha vijana, wakafukua pale, wakaelekeza mawioni...

Duara likazaa. Likazaa kweli kweli! Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, haikupumzika. Tukaletewa makochi, tukaletewa bati. Makochi nilikalia, sitawadanganya.

Haukupita muda mrefu mwamba wenye dhahabu ukakata tena. Masanja akaja akamwomba mdogo wake aandike nyingine. Shija akacheka, akamwambia, "Kaka, ile haikuwa ndoto. Nilikuwa naumwa." Masanja hakucheka. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole zile dawa zinafanya nini hasa. Nami na mdomo wangu nikamweleza vizuri, zinanyamazisha zile sauti, haoni tena ule mwanga.

"Kwa hiyo zinafunga," alisema. Akanywa chai yake akaondoka.

Baada ya hapo akawa mwema ajabu. Shemeji, nauli ya nini kila mwezi? Mimi nakwenda Shinyanga kuchukua vipuri vya karasha, nipe kadi ya kliniki nikuchukulie dawa. Ningekataaje? Nilikuwa na genge langu la mitumba na watoto wawili wa shule ya msingi. Nikampa kadi. Akawa analeta bahasha ya kaki, na ndani vidonge vidogo vya njano. Nikauliza mbona rangi imebadilika, akasema wamebadilisha kampuni. Na kila asubuhi, kwa mkono wangu mimi, na kikombe cha maji, namwambia mume wangu, "Baba Kulwa, dawa." Anameza!

Hapo ndipo giza liliporudi ndani ya nyumba yangu.

Kwanza aligeuza viti vyote vikatazama ukuta. Halafu akaacha kwenda shule. Anasimama uani peku, jua linamwakia, anaitikia mtu nisiyemwona. "Ndiyo. Ndiyo. Nitaandika." Siku moja tunakula, akamtazama Doto muda mrefu, akaniambia taratibu, "Huyu siye. Doto amefutwa. Huyu wamemnakili tu." Mtoto anasikia! Mtoto wa miaka minane, kijiko mkononi... Alikuja kuniuliza jikoni, "Mama, kwani mimi ni nani?" Mungu wangu, sijui nilimjibu nini. Najua nilimkumbatia mpaka akalalamika nambana.

Mimi nilijua ugonjwa umeishinda dawa. Nilifunga, niliomba, nilimlaumu daktari. Masanja naye sasa alikuwa haondoki. Kila alasiri yupo, amebeba kauntabuku jipya na kalamu na soda ya baridi. Anamwita mdogo wake "Mwalimu", anakaa kando yake, anasoma kila mstari wino haujakauka. Nje ya geti wanaapolo wamekaa chini, wamevua viatu. Nilipowafukuza walitii, wakahamia ng'ambo ya barabara wakakaa tena. Waliniamkia shikamoo kwa adabu zote. Sijawahi kuogopa watu wenye adabu namna ile.

Na madaftari yalizidi kutisha. Niliwahi kuona ukurasa mzima umeandikwa neno moja tu, "chini, chini, chini", mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha mama yangu akaugua, kule Kolandoto. Nikaenda kumwona. Wakati wa kurudi nikaona nipitie kliniki ya Shija niwaombe dawa kali zaidi. Nesi alinikumbuka vizuri. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kwa ukali tulikuwa wapi muda wote huo, mbona hatuchukui dawa.

Nikacheka! Nikamwambia shemeji huwa anachukua. Akasema hapa hajafika shemeji yeyote. Nikatoa ile bahasha kwenye mkoba. Akamimina vidonge kiganjani, akavitazama, akanitazama mimi tumbo.

"Dada, una ujauzito?"

Vilikuwa vya wajawazito. Vya kuongeza damu na nini sijui, vile vile nilivyomeza mimi nikiwa na Kulwa na Doto tumboni. Na sikuvitambua... miezi yote ile sikuvitambua! Nilikaa kwenye benchi. Nesi akaniletea maji.

Nilimpigia Masanja palepale. Mnadhani alikana? Hakukana! Alisema, "Shemeji, wewe unataka kumziba mdomo mtu anayetulisha sote. Akipona tunakula nini?" Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, watu wazima kwenye foleni wakageuka. Akakata simu.

Nikapewa dawa zenyewe. Safari ya kurudi Geita ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Nilipofika, nyumba tupu. Watoto walikuwa kwa jirani, na jirani akaniambia shemeji kampakia Baba Kulwa kwenye gari asubuhi, wameelekea machimboni, kashika daftari lake. Nikarukia bodaboda hata begi sijashusha.

Lililotokea kabla sijafika nilisimuliwa baadaye na wanaapolo wenyewe. Shija aliketi mdomoni mwa duara, akaandika: "Walio mbele hawapiti penye mti. Ondoeni miti, njia ifunguke." Sasa kule chini miti ipo, wanaiita matimba, magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Hata aliyeanza kazi jana anajua matimba hayaguswi. Anajua! Lakini ni maneno ya mtu huyu yaliyowahi kuwapa dhahabu, na mwenye duara amesimama pale anasema fanyeni. Vijana wawili wakashuka na shoka.

Mimi nilifika wakati huo. Nikamkuta mume wangu amekaa juu ya kifusi, daftari magotini, ametabasamu. Nikapiga kelele, "Mtoeni watu! Huyu ni mgonjwa! Hajanywa dawa!" Kijana mmoja akanishika bega kwa upole, akaniambia, "Mama, tulia, mwamba unakuja."

Ardhi ikaguna. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ikaguna mara moja, na vumbi likapanda, na kamba waliyoshukia ikalegea mikononi mwa aliyeishika.

Hawakutoka wazima, wote wawili. Masanja alipoona hivyo alipita katikati ya watu kama anakwenda kuita msaada, akaingia kwenye gari. Mpaka leo simu yake haipatikani. Mume wangu hakuelewa lolote. Aliniuliza kwa furaha, "Mama Kulwa, wameshapita?"

Polisi walikuja, wakaandika maelezo, na Shija akarudishwa hospitali, akalazwa. Dawa ikafanya kazi yake, safari hii dawa ya kweli. Macho yake yakarudi. Na akili iliporudi, ikarudi na kila kitu. Aliomba aletewe daftari la siku ile. Nilikataa, akasisitiza, nikalileta. Alisoma ule mstari, akapitisha kidole juu yake. "Huu mwandiko ni wangu," alisema. Basi. Akalifunga daftari, akanirudishia.

Tulirudi nyumbani. Shuleni hawakumtaka tena. Doto alimwogopa, ila Kulwa alianza kumpelekea madaftari yake ya hesabu, nikaanza kuona pengine tutafika. Kisha asubuhi moja akaja mzee, ana fimbo na kuku kwapani. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Akajitambulisha, yeye ni Mzee Mabula, baba wa mmoja wa wale vijana.

Nilijua amekuja kutulaani. Ni haki yake! Nikampa kiti, Shija akatoka, akamwamkia shikamoo, akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha huku analia. Mzee akamwinua. Akamkabidhi yule kuku kwa mikono miwili. Halafu akamuuliza sasa daftari linasema wapi pachimbwe, maana ana mtoto mwingine, naye anataka kushuka.

Ewe Mungu!

Shija alimwambia ukweli. "Baba, hakuna kitu. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa mgonjwa wa akili."

Mzee Mabula alimtazama sana. "Usiniambie hivyo, mwanangu. Mtoto wangu alishuka kwa neno lako. Kama ulikuwa mgonjwa tu, basi amekufa bure." Akachukua fimbo yake, akaondoka, kuku akamwacha.

Jioni ile Shija hakugusa chakula. Aliniambia, "Nikiwa mzima, mtoto wa yule mzee kafa bure. Nikiwa mgonjwa, kafa kwa jambo." Nilimkaripia! Nilimwambia ukiwa mzima watoto wako wana baba, hilo halikutoshi? Akasema linatosha. Akameza dawa mbele yangu, nikamwona. Kesho yake pia, na kesho kutwa.

Siku ya gulio nilirudi jioni na mzigo wangu nikakuta dawa zote ziko juu ya meza, zimepangwa vizuri. Yeye hayupo. Kauntabuku moja jipya la Kulwa la shule halipo pia.

Ni mwaka sasa na zaidi. Nasikia habari zake huku na huku. Nasikia kuna mwalimu mrefu, mkimya, amekaa kwenye machimbo fulani upande wa Kahama, anaandika, watu wanamletea soda. Nakwenda. Nikifika naambiwa hakuna mtu kama huyo, na wanaoniambia hivyo wananiamkia kwa adabu zote. Nikiondoka ndipo mama ntilie mmoja ananinong'oneza kwamba alikuwepo, wamemhamisha juzi waliposikia mke wake anakuja. Wanamficha! Mume wangu wanamficha, kwa sababu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una faida kwao.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa akili, dawa yake kachukue wewe mwenyewe, ifungue, iangalie, uliza nesi. Usimkabidhi kadi yake mtu yeyote, hata awe tumbo moja naye. Na uogope sana anayefurahia maneno ya mgonjwa wako kuliko wewe unavyofurahia akilala usingizi.

Na ninyi mlioko machimboni, najua mnasoma mkisubiri zamu. Mwanaume mrefu, ana miwani iliyofungwa waya upande wa kulia, anaitikia mtu asiyeonekana. Mkimkuta, nawapigia magoti, msimuulize dhahabu iko wapi. Mwulizeni amekula nini leo. Mwulizeni amelala wapi. Kisha mshikeni mkono mmpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, na kama atawaambia mshuke mahali, kataeni, tafadhali, hata kama aliwahi kusema ikawa.